Uongo Nilioutunga Juu ya Bafu za Meli

Kosa ni langu. Nalisema hapa mwanzo ili usihangaike kumtafuta mwingine wa kumlaumu. Mama yangu alikuwa na haja moja tu duniani, kumwona dada yake aliyeolewa Ngazija, na mimi mwanawe wa kumzaa ndiye niliyemzuia. Sikumzuia kwa nguvu. Nilimzuia kwa maneno mawili matatu, nikiwa nimekaa jikoni kwake nakunywa chai yake!

Jina langu silitaji. Likoni wanaonijua ni wengi, maana mimi ni mtu wa kuzurura. Shule niliiacha darasa la sita. Si kwamba nilikuwa mjinga, la. Sikuweza kukaa kitako mahali pamoja huku kuna upande sijauona. Nimeuza madafu, nimepaka rangi ubavu wa meli nikining'inia kwenye kamba, nimelala Changamwe, nimelala Kisauni, nimekaa Mishomoroni miezi mitatu na hata sikumbuki kwa nini niliondoka.

Nina tabia moja mbaya. Jambo nisilolijua haliniachi nilale. Nikilikosa jibu lake, najijibu mwenyewe, na jibu langu siku zote huwa baya.

Wakati huo, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, nilikuwa kibarua wa kampuni moja iliyokuwa ikipeleka vyakula melini. Meli ikifunga gati Kilindini, sisi twaingia na lori la nyanya, viazi, mananasi na mayai. Wenzangu walishusha mizigo wakarudi kivulini. Mimi nilishusha kreti moja kisha nikapotea. Nilipanda ngazi za ndani, nikachungulia kumbi, nikawauliza mabaharia maswali mpaka wakachoka. Kyalo, Mkamba tuliyekuwa naye kazini, aliniita "Inspekta."

"Inspekta, leo umekamata nini huko ndani?"

"Wana piano mbili."

"Sasa piano tutakula?"

Mwaka ule meli mbili kubwa za watalii zilikuwa zikifanya safari za visiwani, Unguja na Ngazija, kisha kurudi Mombasa. Majina yao halisi niyaache. Sisi wa bandarini tulikuwa na yetu. Moja ilikuwa nyeupe pepepe tangu juu hadi majini, tukaiita Bibi Harusi. Ya pili ilikuwa kuukuu kidogo, na dohani lake jekundu lilisimama juu kama shungi. Hiyo tukaiita Jogoo.

Sasa nikujulishe watu wangu, si wengi. Dada yangu ameolewa Port Reitz na mwanamume nitakayemwita Shemeji tu. Alikuwa dereva wa kreni bandarini. Ni mtu wa maneno machache, mtu wa kulifanya jambo kwanza ndipo aseme limekwisha. Kwa mtu kama mimi, ukimya wa namna hiyo ni adhabu! Yeye akinyamaza, mimi nasikia mambo.

Mama alikaa Mtongwe, kwenye shamba letu la minazi na mihogo. Dada yake, ambaye sisi twamwita Mama Mkubwa, aliolewa na mshona kofia wa Ngazija, akachukuliwa huko wakati Mama bado ni kigori. Hawakuonana tena. Salamu zilikuja kwa mabaharia, mara kofia ya zawadi, mara kichupa cha mafuta ya mlangilangi. Kisha zikaja habari kwamba macho ya Mama Mkubwa yameanza kuingia kiza.

"Nataka anione kabla hajapofuka," Mama alikuwa akisema. "Mimi kumwona yeye hakunitoshi. Nataka yeye anione mimi, ajue kwamba nami nimekuwa mtu mzima."

Ijumaa moja baada ya swala Shemeji akaja Mtongwe. Alikohoa mbali, penye mnazi wa kwanza, kama alivyokohoa siku zote. Mama akajitanda kanga yake akaingia ndani.

Msomaji wa bara huenda ukacheka, lakini kwetu mkwe ni mkwe. Miaka kumi na miwili Shemeji amemwoa Dada, na hajapata kutia tonge kinywani mbele ya Mama. Hajamwona kichwa wazi. Hawapishani kwenye ujia mmoja. Wakisalimiana, mmoja yuko uani na mmoja yuko nyuma ya mlango, kila mtu anatazama upande wake. Si chuki hiyo. Ni heshima, na wote wawili waliipenda.

"Shikamoo, mama," Shemeji akasema akiutazama mti wa mpera.

"Marahaba, mwanangu. Wajukuu zangu hawajambo?"

"Hawajambo. Mama, ukiridhia, nataka tukupeleke Ngazija. Kwa meli. Mimi, mwanao na watoto."

 Kisha nikamsikia Mama akilia polepole, na katikati ya kilio akasema, "Mungu akupe kila unaloliomba, baba. Akupe na usiloliomba."

Shemeji akanivuta pembeni. "Mlamu," akasema, maana ndivyo tunavyoitana sisi mashemeji wa kiume, "wewe waziingia meli hizi. Bibi Harusi na Jogoo zaondoka wiki moja. Nitazamie ipi yafaa."

"Yafaa kwa nini? Chakula? Michezo?"

"Yafaa kwa mimi na mama."

Nikaelewa mara moja. Wallahi, sijapata kufanya kazi kwa moyo kama wiki ile!

Bibi Harusi niliiingia na kreti ya mayai begani. Ilikuwa na mabwawa mawili ya kuogelea, sinema, ukumbi wa disko wenye vioo hadi darini, na mazulia ya kukuzamisha mguu. Mzungu angefurahi. Lakini mimi nilikuwa natazama vitu ambavyo havikuchapwa kwenye vijitabu vyao. Nikamuuliza mtumishi mmoja wa mezani, Mgoa, jinsi abiria wanavyokula.

"Jamaa moja, meza moja," akajibu kwa fahari. "Wote pamoja, kama nyumbani."

Kama nyumbani kwa nani? Mama akae meza moja na mkwewe, atafune mbele yake, siku nne nzima! Vyumba navyo vilikuwa vya jamaa: vikubwa, viwili viwili, na mlango wa kupitia katikati. Cha mtu mmoja hakikuwapo hata kimoja. Na Ngazija ilikuwa ikifika asubuhi na kung'oa nanga jioni ile ile.

Jogoo ilinuka rangi na dizeli. Zulia lake lilikuwa limechakaa, na bwawa lake lilikuwa dogo kama tangi la maji. Lakini chakula kililiwa kwa zamu mbili. Kila kabini ilikuwa na mlango wake wa peke yake, na ndani ya kila kabini mlikuwa na choo na bafu, vidogo lakini safi. Naliandika hili ulishike: bafu zilikuwa ndani. Nilifungua mfereji kwa mkono wangu, maji yakatoka. Tena ilikuwa ikilala Ngazija siku mbili.

Nikaenda Port Reitz mbio. "Mlamu, Jogoo! Haina mfano!"

Shemeji alikuwa akinoa panga uani. Hakuinua hata uso. "Najua. Nimeshakata tikiti."

"Umekata lini?"

"Juzi."

"Sasa mimi ulinituma ya nini?"

Akatabasamu kidogo. "Nilitaka uione tu."

"Niione ili iweje?"

 Alipima makali ya panga kwa kidole, akaendelea kunoa. Baadaye, nilipokuwa naondoka, akaniambia, "Niletee picha zako mbili ndogo, na kipande chako cha kitambulisho."

"Vya nini?"

"Vya pasi ya geti. Uwe na pasi ya kudumu, usiingie kwa kubembeleza."

Basi hapo ndipo shetani aliponikalia. Njia nzima ya kurudi nilikuwa najiuliza. Mtu akutume kuchunguza meli aliyokwisha kuichagua? Kwa nini aijue Jogoo hivyo, yeye ambaye kazi yake ni juu ya kreni? Aliingia na nani? Na pasi ya geti tangu lini ikatafutwa na shemeji? Picha nilimpa, lakini kwa kinyongo.

Siku ya pili nikavuka feri hadi mjini, ofisini kwa wakala wa tikiti. Palikuwa na karani mzee mwenye miwani. Nikamwambia nimetumwa kuthibitisha safari ya bwana mmoja wa kreni.

"Wewe ni nani wake?"

"Jirani yake."

Ona uongo wa bure! Laiti ningesema mimi ni shemeji yake na kutaja jina langu, mambo yangekwisha pale pale.

Karani akapekua daftari. "Vyumba vitatu, Jogoo. Yuko sawa."

"Vitatu?"

"Vitatu."

Nikahesabu kichwani. Shemeji, Dada na watoto wao wawili, chumba kimoja. Mama chumba chake. Cha tatu?

"Hicho cha tatu ni cha nani, mzee wangu?"

Karani akalifunga daftari. "Hicho ni cha mtu mmoja, kiko nyuma kabisa. Jina ameniomba nisilitaje. Hasa kwa watu wa nyumbani kwake."

Wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri mwanamke! Nikamwona kabisa, na mkufu wake, na viatu vyake vya visigino, amejifungia chumba cha nyuma huku Mama yangu na Dada yangu wako mbele, wametiwa melini kuwa pazia la uchafu wake. Nikatoka mle ofisini.

Nikaanza kumfuata. Zamu yake ilipokwisha alasiri, nilimvizia getini nikamfuata hadi Changamwe. Akaingia kwa fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye sauti ya juu. Nikasimama upande wa pili wa barabara, nyuma ya lori bovu. Nilimwona Shemeji akionyesha urefu kwa mkono, hivi, juu kidogo ya kichwa chake, na yule mwanamke akicheka na kumpiga kikofi cha bega. Shemeji naye akacheka. Shemeji! Mtu ambaye hucheka Idi na Idi!

Sikuhitaji ushahidi mwingine. Nilipomweleza Kyalo kesho yake, aliachia gunia la viazi chini.

"Inspekta, sasa unakamata mpaka shemeji yako?"

"Wewe huoni? Chumba cha siri, mwanamke wa Changamwe."

"Si umuulize tu?"

"Mwizi haulizwi kama ameiba."

"Kwani ameiba nini?" Kyalo akasema, akalibeba gunia lake akaenda zake. Mtu wa bara, nikasema moyoni, ataelewa nini?

Nikapanga mpango wangu. Kumwambia Dada nilikataa, nisimvunjie ndoa kwa mkono wangu. Nikasema nitaivunja Jogoo tu. Kama wakihamia Bibi Harusi, ambako hakuna chumba cha mtu mmoja, huyo mwanamke atakosa pa kulala. Mama atafika Ngazija, hata kama ni kwa mchana mmoja na kwa meza ya pamoja. Dada hatajua. Na Shemeji atabaki na siri yake mkononi, hana pa kuitia. Nilijiona mwerevu ajabu!

Nilimkuta Mama jikoni. Alikuwa ameshafunga mzigo wake. Mkeka mpya wa rangi alioufuma kwa ajili ya Mama Mkubwa ulikuwa umekunjwa ukutani, na kando yake nazi kumi za shamba letu, alizotaka dadake azile akumbuke kwao. Zilikuwa zimebaki siku tano. Akanimiminia chai, akaketi juu ya mbuzi ya nazi, akawa ana aibu kama mwari.

"Hebu nambie wewe uliyeiona. Hiyo meli ikoje? Mtu kama mimi... ataoga wapi?"

Mlango aliufungua mwenyewe, mimi nikapita.

"Hapo ndipo penye kazi, Mama. Jogoo bafu zake ni za pamoja. Ziko mwisho wa ujia. Asubuhi watu wanatoka na mataulo yao wanapanga foleni."

Mkono wake ukasimama juu ya birika. "Foleni? Wanawake peke yao?"

"Wote."

"Na mkwe wangu?"

"Naye atakuwa papo hapo, Mama. Atapita wapi? Ujia ni mmoja." Nikanywa chai. "Bibi Harusi ndiyo yenye bafu ndani."

Mama akaitazama kanga yake, akaivuta magotini. Nilijua anajiona: mtu mzima, amejifunga kanga moja, ndoo ya maji mkononi, na mwanamume aliyemwoza binti yake amesimama nyuma yake kwa taulo. Nilingoja aseme, "Mwambie abadilishe." Ndivyo nilivyopanga.

Hakusema hivyo. Alisema, "Basi mwambie mguu wauma. Sendi."

"Mama! Si tumwambie tu akate ile nyingine?"

"Nimwambie mkwe wangu habari za kuoga kwangu? Mtu kanipa zawadi, nimrudishie nimwambie hii sitaki, nipe ile, kwa sababu ya bafu? Wewe una akili?"

Hilo sikulipima. Mimi, niliyezaliwa humo, niliyetumwa na Shemeji kwa sababu naijua adabu ile, nilisahau kwamba adabu hiyo hiyo itamfunga Mama kinywa.

Shemeji alikuja kesho yake. Alikohoa penye mnazi. Mama akaingia ndani, mimi nikabaki uani nikichonga kijiti bila sababu.

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa mguu wauma."

"Marahaba. Wauma, mwanangu. Nendeni nyinyi. Mnipelekee mkeka wangu."

"Tutakupeleka hospitali kwanza."

"Si wa hospitali."

 Nadhani Shemeji alinusa jambo, maana alianza kutafuta maneno kama mtu anayetafuta sindano mchangani. "Meli ni nzuri, mama. Ina heshima. Kila mtu ana... kila mtu ana mlango wake."

"Mlango haunisumbui."

Jasho lilikuwa likimtoka. Alikuwa ameifikia ncha ya maneno ambayo mkwe anaweza kumwambia mama mkwe. Zaidi ya hapo hakuna njia. Akanigeukia.

"Mlamu, wewe umeiona yote. Mwambie mama ilivyo."

Ndugu yangu unayesoma, hapo ndipo. Nafasi nilipewa mkononi, mchana, mbele ya mashahidi wawili! Neno moja tu, "Bafu ziko ndani, Mama, nilikosea," na safari ingekuwapo. Mimi nilimtazama usoni nikamwona yule mwanamke wa Changamwe anacheka.

"Mimi nimeshasema nilichokiona," nikajibu.

 Shemeji hakuuliza nilisema nini. Aliaga, akaniambia, "Nisindikize hadi feri."

Tukatembea hadi Likoni. Karibu na kizimba cha abiria akasimama, akatoa bahasha mfukoni.

"Karani alinieleza juu ya jirani yangu aliyekwenda kuuliza vyumba. Mrefu, mwembamba, ana kovu kidevuni." Akanitazama kidevu. "Port Reitz sina jirani mwenye kovu kidevuni."

Nikafungua bahasha. Ndani mlikuwa na tikiti ya Jogoo, chumba cha mtu mmoja, nyuma kabisa. Jina lilikuwa langu.

Wacha nikwambie, masikio yaliziba! Honi ya feri ililia karibu nami na sikuisikia.

"Mama angepandaje ngazi ya meli?" Shemeji akasema. Hakupaza sauti, na hilo liliniuma zaidi. "Nimshike mkono mimi? Akitapika na bahari, nimshike mimi? Dada yako ana watoto wawili wa kuwatazama. Safari ile haikuwezekana bila wewe. Wewe ndiye ungekaa baina yetu."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, Likoni nzima ingejua kabla ya magharibi. Au ungepatwa na hamu ya kwenda Malindi, tukutafute siku ya kuondoka tusikuone. Nakujua, mlamu. Nilitaka uje gatini kutuaga, nikutie melini na nguo zako." Akasita. "Zile picha zilikuwa za hati yako ya safari. Suruali mbili na kanzu ziko kwa fundi pale Changamwe. Nilikisia urefu wako. Kachukue, zimekwisha lipwa."

Feri ikafungua mlango, watu wakaanza kuingia. Nilimshika mkono. "Mlamu, nisamehe. Nitakwenda nimwambie Mama kweli yote, leo hii."

"Nenda," akasema, akaingia feri na wenzake.

Nilikwenda mbio, lakini kabla sijafika Mama, Dada alishafika. Alikuwa amepita njia nyingine na watoto wake, akamkamua Mama mpaka akamtoa sababu, kisha akamwapia kwamba bafu ziko ndani, kwamba mumewe ameziona kwa macho yake. Alidhani anaokoa jambo. Nilipoingia uani nilimkuta Mama amesimama wima, ana hasira ambayo sijapata kuiona kwake.

"Kumbe mkwe wangu ameshaziona bafu nitakazooga! Mmekaa na mumeo mwazungumza kuoga kwangu! Sasa hata iwe na bafu mia, za dhahabu, sendi. Nitamtazamaje?"

"Mama," nikasema, "mimi nataka kukwambia kuhusu zile bafu..."

"Usilitaje neno hilo nyumbani mwangu! Wewe peke yako ndiye uliyeniambia kwa siri, kama mtoto mwenye haya. Wewe nyamaza."

Nikanyamaza. Na niseme ukweli, kwa kuwa nimekuja hapa kwa ajili hiyo: moyoni nilishukuru! Nilishukuru kunyamazishwa. Dada alinitazama kwa jicho ambalo lilijua yote, lakini naye hakusema. Angesemaje tena?

Dada alikataa kwenda bila Mama. Shemeji akarudisha tikiti zote. Nguo kwa fundi sijazichukua hadi leo.

Siku Jogoo ilipoondoka, Mama aliniambia nimpeleke ufukweni Mtongwe akaione. Alasiri hiyo ilipita karibu hata tukaona watu wamejipanga kwenye reli wanapunga mikono. Mama aliitazama tangu ilipojitokeza hadi iliponyoosha kwenda baharini. Hakulia. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza habari za maiti:

"Huko wanakopanga foleni ni upande gani?"

Nikanyoosha kidole. Nilionyesha dirisha lolote tu.

"Alhamdulillahi," Mama akasema.

Msimu uliofuata Jogoo haikuja tena. Bibi Harusi ilikuja, lakini hakuna aliyethubutu kumtajia Mama meli. Mama Mkubwa alipofuka kabisa. Baharia mmoja alituambia kwamba alikuwa akiwapapasa nyuso wanawake wote waliotoka Mombasa, akiuliza, "Wewe si mdogo wangu?" Baada ya hapo tukaletewa habari kwamba amefariki.

Tulikaa matanga Mtongwe. Wanawake walijaa ndani, wanaume tulikaa nje chini ya turubai, na Shemeji alikuwa ubavuni pangu. Jirani mmoja, kwa uchungu tu, akamuuliza Mama kwa nini hakwenda kumwona nduguye wakati meli ilikuwapo. Sauti ya Mama ikatufikia nje, wazi kabisa.

"Nilikuwa karibu kwenda kuvunjiwa heshima baharini. Mwanangu ndiye aliyenistahi. Watu humwita mzururaji, lakini siku ile alinifaa kuliko wote. Niombeeni huyu mtoto."

Wakaniombea! Nyumba nzima! Sheikh aliyekaa mbele yetu naye akainua mikono, na wanaume wakainua yao. Shemeji aliinua. Mimi nikainua. Dua ilipokwisha wote walisema "Amina," na mimi nikasema "Amina," na Shemeji akakung'uta mchanga kwenye kanzu yake, akaondoka kwenda kusaidia kupakua pilau.

Miaka imepita. Shemeji husalimiana nami kwa adabu, lakini hajaniita mlamu tena. Mama yu hai, ni mzee, hajui kusoma, na ndiyo maana nimethubutu kuyaandika haya. Mara nyingi nimekaa mbele yake nikakusanya maneno. Kila mara yeye hunitangulia, hunishika kichwa na kusema, "Wewe ndiye mwanangu mwenye haya."

Basi wewe mwenzangu unayemshuku mtu wako, mwendee yeye mwenyewe umuulize, tena utaje jina lako la kweli. Aibu ya kuuliza huisha siku ile ile. Na kama umeshasema uongo, utoe upesi, leo kabla ya kesho, kabla aliyeuamini hajakushukuru. Mtu akishakushukuru kwa uongo wako, wallahi, huna tena mahali pa kuutolea.